Zile Bodi Mbili za Zamani

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa na shida ikaanza. Alikuwa mkata miwa upande wa Awendo. Aliumwa siku tatu, ya nne tukaletewa mwili. Baba mdogo akachukua kipande cha marehemu, yaani kitambulisho chake, akaenda nacho kwa chifu kuomba kibali cha kuzika, maana ndivyo ilivyo mpaka leo: mtu akifa, kipande kinarudi kwa serikali. Kikarudi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwenye kile kikaratasi ndipo ilipokuwa picha ya pekee ya baba duniani.

Shule niliiacha darasa la nne. Haya naandika kwa kalamu na binti yangu anayapiga chapa. Akinisahihisha sana namkataza. Sura ya baba sina. Nakumbuka mkono wake, una kovu la panga kwenye kidole gumba. Nakumbuka kikohozi chake. Uso hakuna. Nikijaribu kuuona, unakuja uso wa baba mdogo, na sisi wawili hatukupatana hadi naye akazikwa.

Watu wa Migori wanasema mimi ni mzee asiyeogopa mtu. Ni kweli. Nimegombana na askari wa kaunti, nimegombana na padri wangu mwenyewe, na bwana harusi mmoja nilimwambia mbele ya wakwe afunge mdomo asimame wima. Watu siwaogopi. Naogopa picha iliyokosekana.

Kazi niliijua kwa kufagia studio ya mtu hapa mjini. Mwenyewe akilewa, mimi napiga. Hivyo tu. Baadaye nikanunua bodi yangu ya kwanza ya dijitali. Bodi, kwetu sisi wapiga picha, ni kamera yenyewe bila lenzi. Ilikuwa ya mkono wa pili, mpira wa mshikio umebanduka, nikaubandika kwa gundi ya viatu. Bodi ya pili ilikuja miaka sita baadaye, mpya, ndani ya boksi. Hizo mbili zimezika watu kutoka Kegonga mpaka Kosele. Harusi ni chache. Ama watu wetu wanakufa zaidi kuliko wanavyooa, ama wanaoa bila kuniita.

Na nina sheria yangu. Ukifiwa, kipande kabla hakijaenda kwa chifu kipite kwangu. Silipishi. Nina kibao nilichokipigilia misumari mwenyewe: chini unalaza kipande, juu bodi ya kwanza inakaa kwenye tundu nililolichonga kwa kisu kulingana na tako lake, lenzi ikiangalia chini. Napiga, nakuza, na huo uso ndio unaowekwa kwenye fremu juu ya jeneza. Akina mama wamenijia mbio kutoka mochari, kipande kimefungwa kwenye pindo la leso. "Jaduong', haraka, chifu anangoja!" Jaduong' kwa Kijaluo ni mzee, na jina hilo sikupewa bure.

Mwaka jana nikanunua fulu fremu. Kwa asiyejua, ndani ya kamera kuna kibati kinachopokea mwanga. Cha bodi zangu za zamani ni kidogo. Cha fulu fremu ni kikubwa, sawasawa na filamu ya enzi zile, na picha zake hata kanisani kwenye giza hazitoki na changarawe, zile chembechembe za picha ya gizani. Sikuinunua kwa changarawe. Niliinunua kwa sababu maharusi walikuwa wameanza kuniuliza, "Mzee, wewe unatumia kamera gani?" Swali hilo ni tusi.

Binti yangu anafundisha Rongo. Alikuja kunisalimia akakuta kamera tatu mezani.

"Baba, hizi mbili uza kabla hazijawa chuma cha kupimwa kwa kilo."

"Zinafanya kazi."

"Hata wewe unafanya kazi, na bado nakuambia upumzike."

"Basi niuze mimi kwanza."

Alicheka, lakini kabla hajaondoka alikuwa ameshampigia simu mtu wa Rongo anayenunua simu na kamera kuukuu. Atakuja Jumanne. Sikusema ndiyo, sikusema la. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepiga kipande cha mama mmoja mzee wa Kosele, nikasema hicho ndicho cha mwisho. Nikatoa betri, nikafuta vumbi, nikazifunga bodi zote mbili kwenye taulo, kila moja peke yake. 

Mama yule mzee alizikwa Ijumaa, kwa kuwa familia ni ya Kisabato na Jumamosi hawaziki. Nikaenda na fulu fremu peke yake. Kiburi, naandika kilivyo. Lenzi pana, ile ya kuchukua watu wengi kwa mara moja, iliyoundwa kwa ajili yake sikuwa nimenunua. Nikachukua lenzi yangu pana ya zamani nikaifunga. Iliingia, ikalia tik, nikasema kumbe ni rahisi hivi. Lakini kiatu kinaweza kuingia na bado kikakutoa kucha.

Baada ya mahubiri, kabla ya kuteremsha jeneza, familia ilijipanga. Walijipanga kwa kuzaliwa, kifungua mimba mwisho wa mstari upande wa kichwa cha mama yake. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu kuliko wote. Jua lilikuwa kali, kioo cha nyuma ya kamera sikioni. Nikaweka jicho kwenye tundu la kuchungulia, na mtu wa miwani kama mimi akiweka jicho pale haoni pembe za picha, anaona katikati tu. Nilipiga mara tano. Nikawaambia asanteni, mwende pole kaburini. Jeneza likashuka.

Jumamosi asubuhi nikafungua picha kwenye kompyuta. Pembe zote nne ni nyeusi. Lenzi ya zamani ilikuwa inamwaga duara dogo la mwanga juu ya kibati kikubwa, na pale ambapo mwanga haukufika ni giza. Katikati jeneza liko wazi, maua yako wazi, watoto wengine wote wako wazi. Kifungua mimba anaonekana mpaka mabegani. Kichwa hana. Suti ipo, tai ipo, mkono umeshika jeneza la mama, na juu ya kola ni usiku.

Nilijaribu kuongeza mwanga. Weusi ukawa weusi wa kijivu. Hakukuwa na uso mle, haukuingia kabisa. Picha zote tano hivyo.

Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Mke wangu akanifuata.

"Mbona umekuwa kama jivu?"

Nikamwonyesha. Alitazama mara moja akajifunika mdomo kwa kanga.

"Hiyo usiwapelekee," akasema. "Waambie mashine ilikataa. Wape zile nyingine."

"Ni uongo."

"Ni uongo mdogo. Huyo mtu akiugua hata malaria tu mwaka huu, watasema nani alianza kumkata kichwa?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza nami sikutaka kulisikia kwa mdomo wa mtu. Na jambo la pili lilikuwa linanila zaidi: kipande cha mama yao kilikuwa kimeshaenda kwa chifu, na hii ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya mama na watoto wake wote. Mimi, kati ya watu wote, nimeiharibu mimi. Kwenda siku hiyo nisingeweza, ni Sabato yao. Nikangoja siku nzima. Kila simu ikilia, naona ni Kosele wameshajua.

Jumapili nikaenda na kompyuta na kamera kwenye mkoba. Hema la mazishi lilikuwa halijateremshwa. Kifungua mimba alikuwa chini yake na mama yake mdogo, mke mwenza wa marehemu, bibi mkavu mwenye fimbo. Nikasalimia, nikapewa kiti, nikakataa chai. Hapo wakajua kuna neno.

"Omera, ndugu yangu," nikamwambia yule mwana, "nimekosea kazi." Nikafungua.

Aliinama akatazama. Kuku walipita chini ya meza wakarudi.

"Jaduong'," akasema polepole, "ulikuja kumzika mama au kunizika mimi?"

Bibi akavuta kompyuta kwake, akasogeza uso karibu.

"Hiyo ni kivuli ya hema," akasema. "Acheni maneno."

Mlango ulikuwa umefunguliwa pale. Ningeweza kupita.

"Si hema, mama," nikasema. "Ni mimi. Niliweka lenzi isiyo yake. Jua lilikuwa kali, macho yangu yamezeeka, na sikutaka mtu ajue yamezeeka."

Bibi akanitazama. "Kumbe unajua kusema. Watu walisema wewe unajua kufoka tu."

Mwana hakucheka. "Futa," akasema.

"Naweza kuikata, ibaki jeneza na wale wa katikati."

"Unikate mara ya pili? Futa. Zote. Nikiona."

Nikazifuta mbele yake, moja moja, zote tano, kisha nikatoa kadi kwenye kamera nikazifuta na huko. Ilipoisha ya tano nilisikia baridi, kama siku ile baba mdogo alipotoka kwa chifu mikono mitupu.

Yule mwana akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na ile fremu iliyokuwa juu ya jeneza. Uso wa mama yake, umekuzwa kutoka kwenye kipande, macho yamefunguka kidogo kwa hofu ya flashi ya serikali.

"Na hii ulipiga na nini?"

"Na ile ya zamani."

"Iko wapi?"

"Nimeifunga. Keshokutwa anakuja mnunuzi."

Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa akiletwa mnadani. Akarudisha fremu ndani.

Jumanne mnunuzi alifika, mtu mzima mwenye sauti ya kipaza sauti. Akafungua taulo.

"Mzee, hii mpya mpya nachukua sasa hivi. Hii ya gundi hata bure siwezi beba. Itaaibisha duka."

"Hazitoki."

"Hazitoki vipi? Binti yako aliniita kutoka Rongo!"

"Basi mdai binti yangu nauli."

"Mzee, hizi vitu zinakufa. Kesho shata inakatika, unabaki na jiwe. Unangoja nini?"

Alisema kweli, na kweli hiyo haijaniacha. Shata ni kile kipazia cha ndani kinacholia ukibonyeza, na ya bodi ya kwanza ina siku zake. Siku hizi kila nikiiweka kwenye kibao, nashika pumzi kabla ya kubonyeza. Ikichelewa hata kidogo kulia, moyo unagonga. Mjane amesimama nyuma yangu, kipande kiko chini, chifu anangoja, nami nasikiliza kama daktari. Ndiyo maana bodi ya pili nayo haitoki. Nimechonga tundu la pili kwenye kibao, la tako lake, nikalijaribu mara ishirini. Uoga haukupungua. Umepata tu mahali pa kukaa.

Mazishini sasa nabeba mbili shingoni, mpya na ya zamani, na kila lenzi imefungwa utepe wa rangi ya bodi yake. Vijana wananicheka, wanasema nimevaa kengele kama mbuzi. Wacheke. Yule mwana wa Kosele namwona mnadani siku za soko, mzima wa afya, na kila nikimwona kwanza natazama kichwa.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu. Studio ya kupanga, mlango mmoja. Ng'ombe wawili na ndama. Fulu fremu moja na lenzi pana iliyo yake. Bodi ya pili. Bodi ya kwanza, na gundi yake. Kibao chenye matundu mawili. Diski mbili za nyuso za watu, moja hapa, moja kwa binti yangu Rongo. Picha ya kipande changu mwenyewe, imeshakuzwa, iko kabatini, na mke wangu anajua ni rafu gani. Ya baba sina.