Jina la Mama Kabla ya Kuolewa

Nilikuwa mfuaji kwenye loji ndogo ya Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Miaka mitatu kazi yangu ilikuwa mashuka, taulo na soksi za wageni zilizojaa vumbi jekundu. Kamba za kuanikia zilikuwa nyuma, kwenye bustani, na bustani ilikuwa na maua, na maua yalikuwa na ndege. Basi nikaanza kuwatazama. Hakuna aliyenifundisha. Mkono unakamua shuka, macho yako kwenye ua, swali linakuja lenyewe: kwa nini chozi huyu wa kijani ananyonya ua kwa mbele kistaarabu, na mwenzake mwenye mdomo mfupi analitoboa kwa nyuma kama mwizi? Nilikuwa nasimama na ndoo mpaka maji yanapoa, msimamizi anapiga kelele.

Palikuwa na dereva mmoja wa watalii, mtu wa kuja kutoka Kilimanjaro, aliyejiita bingwa wa ndege. Darubini yake ilikuwa na mkanda wa ngozi, na kitabu chake cha ndege hakuruhusu mtu akiguse. Asubuhi moja nilimsikia akiwaambia wageni wake kwamba bustani ile haina kitu. Nikashindwa kunyamaza.

"Kaka, chozi amejenga pale kwenye kamba ya taulo," nikasema.

"Chozi gani?"

"Chozi. Huyu mdogo."

"Dada, machozi wako aina chungu nzima. Ukisema chozi, hujasema kitu." Akawatafsiria wageni, wakatabasamu.

Nikamwonyesha ndege mwingine kwenye ua wa michongoma, wa kahawia, aliyekuwa akitikisa mkia. Akasema hao wadogo wa kahawia wanafanana mno, wageni wake hawapotezi muda nao. Nikamuuliza kwa kutaka kujua kabisa, wala sikuwa na ubishi: wamekosa nini? Kuwa wa kahawia nalo ni kosa? Akaniangalia juu mpaka chini. "Kafue, dada." Jamani, roho iliniuma! Nikazifua nguo za siku ile kwa hasira mpaka vifungo vikang'oka.

Lakini katika wale wageni kulikuwa na bibi mmoja mzee, mzungu aliyewahi kufundisha Tanzania zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kitabuni. Yeye alibaki. Alitaka kukiona kiota cha yule chozi, kisha akataka kujua ninavyowatofautisha. Nikamwambia najua tabia zao tu: yupi anafika kwanza jua likichomoza, yupi anamfukuza nani, yupi anaiba nyuzi za taulo. Asubuhi mbili alikaa kwenye kiti karibu na beseni langu akiandika kila nilichosema. Alipokuwa anaondoka akaniambia Arusha kuna mafunzo ya waongozaji wa ndege, miezi mitatu, na wanatafuta mwanamke. Angenipendekeza. Barua ingekuja kwa imeili, na mimi nilitakiwa nijibu kabla ya Pasaka. Nikose kujibu, nafasi anapewa mwingine. "Na uwe na darubini yako," akasema.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka barua ile. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne, mikono imepasuka kwa sabuni, na kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa ameandika maneno yangu kwenye daftari.

Jioni ileile nikaenda kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi. Kompyuta nne, moja mbovu. Kaka aliyekuwa anahudumia akanifungulia imeili. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo nikamwambia ajaze yeye. Alikuwa ananiuliza maswali, mengine ya ajabu mpaka nikacheka, naye anabonyeza. Mwisho akamtumia yule bibi anwani yangu, kwa kadi aliyoniachia, akaniandikia paswedi kwenye kikaratasi. Nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa aproni.

Ikabaki darubini. Barabarani palikuwa na duka la redio na saa za ukutani, na dirishani darubini moja nyeusi, nzuri kweli. Nikanunua. Loo! Nilipoitazamia bustani, kila ndege akawa wawili. Chozi wawili, kamba mbili, msimamizi wawili, na mmoja alikuwa akinitosha. Nikairudisha kesho yake. Mwenye duka akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Lakini mbovu, baba. Jaribu mwenyewe."

Akajaribu, akaangalia nje. Nilimwona kabisa akifumba jicho moja. "Mimi naona vizuri," akasema. "Ni mazoea tu. Wewe hujazoea kutazama."

Mpaka leo najiuliza watu kama yule wanajifunza wapi. Mtu anauza kitu kibovu, halafu ubovu anakupachika wewe. Yule dereva naye aliposikia akacheka mpaka akashika gari: "Sasa dada utakuwa na orodha ndefu kuliko sisi wote, kila ndege mara mbili!" Nilitaka kununa, nikashindwa, maana utani wenyewe ulikuwa mzuri. Nikajifunza kutumia jicho moja.

Zikabaki siku kumi Pasaka ifike. Nikaenda kuangalia barua. Kufika kafe, natia mkono mfukoni, natoa donge jeupe. Mimi mfuaji, nimeifua paswedi yangu mwenyewe, kwa sabuni na maji moto.

Yule kaka hakuwepo. Waliniambia ameacha kazi, ameenda Mang'ola kwenye biashara ya vitunguu. Pale mezani alikuwa dada aliyetoka chuo, mtaratibu, anajua kazi. Akasema usijali, kampuni ina njia ya kumsaidia aliyesahau. Akabonyeza. Likaja swali, akanitafsiria: jina la mama yako kabla ya kuolewa.

"Wanamjuaje mama yangu?" nikauliza.

"Hawamjui. Ndiyo maana wanauliza."

"Sasa watajuaje kama nasema kweli?"

Akafikiri. "Wanalinganisha na ulilowaambia mwanzo."

"Mimi sikuwaambia kitu!"

Tukajaribu jina la ubatizo la mama. Jibu si sahihi. Jina la babu mzaa mama. Si sahihi. Tukajaribu vile anavyoitwa na majirani, mama fulani, na huyo fulani ni mimi mzaliwa wa kwanza. Si sahihi. Kisha kompyuta ikasema imetosha, rudi kesho. Nilimwomba yule dada awapigie simu wenye kampuni tuongee kama watu. Akacheka kwa huruma. Hawana simu, akasema. Kampuni kubwa vile, imeshika barua yangu, haina hata mtu wa kumwambia shikamoo!

Jumapili nikapanda kwa mama, kwenye mteremko karibu na msitu. Nilimkuta anapalilia maharage. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitaanzaje. Kwetu mtoto hamtaji mama yake kwa jina, na kumuuliza jina lake la usichana ni kama kumwomba akuonyeshe kitu alichokifunga sandukuni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa nalo.

"Ayo," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kiiraqw. "Kabla hujaolewa ulikuwa unaitwa nani?"

Akaegemea jembe. "Nani anauliza?"

"Kampuni."

"Ya hapa Karatu?"

"Ya Marekani."

"Ebo! Wananitakia nini?"

Nikamweleza kuhusu barua, ile nafasi, na Pasaka. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia alibatizwa msichana mkubwa, wiki chache kabla ya ndoa, na mwinjilisti akasema lile jina la nyumbani liachwe. Hata kanisani watu walilicheka. Alilopewa na bibi yake likaishia hapo. Mama yake peke yake ndiye aliyeendelea kumwita hivyo, na alipokufa, basi. Kisha akalitaja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mboga kama imeiva.

"Linaandikwaje?" nikauliza.

"Mimi nitajuaje? Halijawahi kuandikwa."

Sitaliandika hapa pia. Lina sauti ya kooni ambayo herufi za Kiswahili hazina, na nyingine inayotoka ubavuni mwa ulimi. Nililibeba mdomoni mteremko mzima, nikilirudia nisije nikalipoteza.

Jumatatu nikaliandika kwa kompyuta. Jibu si sahihi. Nikaongeza h. Si sahihi. Nikaweka q, kama tunavyoandika jina la kabila letu. Si sahihi, rudi kesho. Kesho yake nikajaribu na tl, na nukta ya juu, na a mbili. Hasira ilinipanda mpaka nikaiambia ile mashine kwa sauti, watu wakageuka: "Wewe unamjua mama yangu kuliko mimi niliyemuuliza?" Nilikuwa na jina la kweli, nimelipata kwa mwenyewe, na kompyuta inaniambia hapana. Na siku zinakwisha.

Alhamisi kabla ya Pasaka lori la vitunguu lilisimama stendi, na aliyeshuka ni yule kaka wa kwanza. Nikamvaa palepale.

"Uliandika nini kwenye jina la mama yangu?"

Akajikuna kichwa. "Hakukuwa na jina la mama. Waliuliza jina la hausigeli wa mama yako."

"Nini?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa? Mimi nikashangaa, nikakuuliza. Wewe ukacheka, ukasema mama yako hajawahi kuwa na hausigeli, hausigeli wake ni wewe. Nikaandika jina lako."

Neno la Kiingereza la usichana, maiden, yeye alilisoma maid, mtumishi wa ndani. Nikamkumbuka akiniuliza, na mimi nikicheka! Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nikakimbia. Kafe ilikuwa imefungwa, umeme hakuna mtaa mzima, na haukurudi mpaka sikukuu ikapita.

Jumanne nikaandika jina langu, na mlango ukafunguka mara moja. Barua zilikuwa mbili. Ya kwanza ndefu, yenye tarehe ya kuanza, mahali pa kulala, na mstari uliosema hata darubini wangeniazima. Ya pili fupi. Yule bibi aliandika kwamba amesubiri mpaka jioni ya Pasaka, nafasi amepewa dada mwingine, na anatumaini mimi ni mzima. Nililia palepale mbele ya kompyuta. Yule dada wa chuo akaizima ile ya jirani ili watu wasikae karibu nami.

Nikapanda tena kwa mama kumwambia. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage ya mbegu, na aliponiona tu akajua. Hakuuliza kuhusu Arusha wala yule bibi.

"Walilikataa?" akasema.

"Nini, ayo?"

"Jina langu. Nilijua tu. Lile jina halijawahi kunifaa mbele za watu. Ningekwambia lile la kanisani, ukaenda na hilo, sasa hivi ungekuwa Arusha." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Alikuwa ameyabeba hayo wiki nzima, peke yake, akiamini yeye ndiye aliyeniharibia.

Nikamwambia si hivyo. Nikamweleza habari ya hausigeli, pole pole, mara mbili. Hakunisadiki, aliona namfariji. Nilizidi kueleza, yeye anazidi kutikisa kichwa, na mimi sikuwa na karatasi wala shahidi. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya na nisingemshauri mtu. Nikamwita. Lile jina lake, kwa sauti, na ile sauti ya kooni nikaitoa inavyotakiwa.

Akaitika. Aliitika upesi na kwa sauti nyembamba nisiyoijua, na akanyanyua kichwa kutazama nyuma ya nyumba, upande wa jiko. Kisha akanigeukia, uso umewaka.

"Wewe! Mimi ni mwenzako? Mtoto anamwita mama yake jina?"

"Nisamehe, ayo."

"Usirudie."

Nikainamisha kichwa. Tukachambua maharage, mabovu huku, mazima kule, mpaka ungo ukawa nusu. Bila kunitazama akasema, "Hebu sema tena."