Dada Scola na Waigizaji Wasiolia

Dada yangu Scola alikuwa mtu wa maneno machache, akaolewa na mtu anayejipatia riziki kwa mdomo. Shemeji yangu Mayige, ambaye dada alimwita Baba Nancy kwa jina la binti yao, ana banda la video karibu na stendi ya Bariadi, na kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni papo hapo, kipaza sauti mkononi. Mzungu akikohoa, Mayige anaeleza kwa nini amekohoa. Vijana wanaitaka hivyo.

Mchana, banda likiwa tupu, yeye na dada walitazama filamu za zamani za Kimarekani, zile zisizo na rangi. Mimi zilinipa usingizi. Watu wamevaa kofia, wanaongea sebuleni, basi. Dada akizitazama, usingeweza hata kumtuma chumvi. Kulikuwa na moja ambamo mzee analetewa habari kwamba mwanawe amekufa vitani. Halii, hapigi ukuta. Anamshukuru aliyeleta habari, anamfungulia mlango, kisha anabaki ameshika kitasa kana kwamba amesahau mlango unafungwaje. Mayige alipoionyesha kwa wateja alipaza sauti hapo hapo kwamba maskini mzee wa watu moyo unavuja damu. Dada alimwambia ameiharibu: mzee amehangaika kuficha, halafu yeye anamtangaza. Tangu siku hiyo shemeji akifika sehemu kama hiyo ananyamaza, anatazama mikono ya mwigizaji tu, na wateja wanalalamika kwamba kipaza sauti kimekufa.

Mwaka jana dada alianza kukonda. Akapewa rufaa ya Mwanza, akaenda peke yake kwa sababu sisi tulikuwa shambani Ngulyati tunavuna pamba. Aliporudi alituambia ni vidonda vya tumbo, amepewa dawa, daktari amesema atapona. Aliyasema hayo amekaa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Mimi nikamshukuru Mungu, nikaenda zangu kuteka maji. Niliamini kila neno.

Shemeji hakuamini. Aliona mchele umeshakuwa safi, na vidole vya dada bado vinaokota mawe yasiyokuwepo. Akajua hatapona. Ningekuwa mimi ningemkamata mabega mpaka aseme. Yeye aliona mkewe anataka iwe hivyo, akaogopa kumharibia. Akacheka, akasema basi msimu ujao walime na mpunga. Miezi yote ile alikuwa anatania na kupanga mipango, halafu akifika bandani anajifungia, analia kabla ya kufungulia wateja. Hayo alinisimulia baadaye.

Dada alipokuwa hawezi tena kuinuka, mimi ndiye niliyemwogesha. Asubuhi moja shemeji aliingia na uji, akaanza tena habari za mpunga. Dada alimwangalia weee. Kisha akamwuliza taratibu:

"Baba Nancy, umejua tangu lini?"

Shemeji aliweka kikombe chini. "Tangu siku ile ulipotoka Mwanza."

Nilidhani dada atafurahi kwamba kuna mtu aliyemwelewa bila kuambiwa. Uso wake ukakunjamana kama wa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa wasichana nikamsikia akilia kwa sauti.

"Mimi nilikuwa nalia peke yangu chooni," alisema. "Na wewe peke yako huko kwako. Tungelia wote, Baba Nancy. Muda tulikuwa nao."

Shemeji alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia. Niliwakasirikia wote wawili, na sitaficha, bado nina hasira nao, yule aliye kaburini na huyu aliyebaki. Sikujua nisimame wapi katika chumba kile kidogo, nikatoka, nikakaa kwenye kizingiti. Niliwasikia wakilia mpaka uji ukapoa.

Kesho yake dada akafariki.