Macho ya Karibu

Emérence Kyakimwa alishona nguo Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na tisa, na kwa mishono midogo hakuna aliyemshinda. Washonaji wa umri wake walikuwa wameanza kusogeza sindano mbali na uso wakitafuta tundu. Yeye aliileta karibu na pua, uzi ukapita mara moja. Wenzake walisema Mungu amempa macho, naye aliamini hivyo.

Barabarani alikuwa mtu mwingine. Aliwapita majirani bila salamu, na mume wake Lusenge, akiwa ng'ambo ya pili ya barabara, alikuwa shati tu linalotembea. Kwa wakwe zake walisema ana majivuno, na tantine Kahongya, shangazi wa mumewe, alilisambaza neno hilo mpaka Beni. Zamani, kabla hajaolewa, askari kwenye kizuizi alimwinulia mkono asimame. Emérence akaendelea kutembea na kikapu chake mgongoni, kwa sababu mkono wenyewe hakuuona. Walimkalisha kwenye matope mpaka jua lilipofika utosini, wakimuuliza kama yeye ni kipofu. Alijibu kwamba anaona. Hakuwa anasema uongo; hakujua tu kwamba kuna kuona kwingine.

Binti yake Shekinah alikuwa na miaka tisa. Shuleni alikaa benchi la nyuma kwa kuwa ni mrefu, na daftari lake lilijaa maneno ya ubaoni yaliyokatika katikati. Nyumbani alisoma akiwa amezika uso kitabuni. Jambo hilo lilimuudhi mama yake kupita kiasi, maana aliambiwa kwamba mtoto asomaye hivyo anajiharibu macho kwa ukaidi. Kila alipomkuta ameinama, alimzaba kibao cha shingo na kumwambia ainue kichwa. Mtoto aliinua. Baada ya muda kidogo kichwa kilikuwa kimeshuka tena.

Mwisho wa mwaka karatasi ya matokeo ilikuja na asilimia thelathini na nane, na chini yake mwalimu ameandika kwamba mtoto ni mzito wa akili. Juma hilohilo tantine Kahongya akapiga simu kutoka Beni. Alisema huko kwao, mtaa wa Mulekera, kuna mtu anaitwa Ananie, watu wanamwita docteur, anayetia matone ya dawa machoni na watu wanatupa miwani yao. Wamlete mtoto.

Wakaenda. Asubuhi ya pili tantine aliwapeleka mwenyewe, na kitambaa kipya kichwani, akiwaeleza wote waliokutana nao njiani kwamba mjukuu wake anaenda kuponywa. Uani kwa Ananie walikuta mstari wa watu zaidi ya thelathini, wengi wao akina mama wenye watoto. Kutoka mwisho wa mstari Emérence aliona mtu mwenye koti jeupe, meza yenye kitambaa cheupe, chupa nyeupe. Akaona ni mahali safi. Moyo wake ukatulia.

Mstari ukasogea. Kadiri walivyokaribia, ndivyo weupe ule ulivyozidi kubadilika. Mikono ya koti ilikuwa myeusi kwa ukoko wa jasho. Kitambaa cha meza kilikuwa na madoa ya manjano, mengine yamekauka, mengine bado yanang'aa, na nzi wametulia juu yake kama wako kwao. Mbele yao alilazwa mzee ambaye macho yake yalikuwa yamegandamana kwa usaha. Ananie aliyafungua kwa vidole, akasukuma ncha ya chupa mpaka ndani ya kope, akadondosha, kisha akampangusa kwa kile kitambaa. Hakunawa. Akageuka kwa Shekinah, akamshika kidevu kwa vidole vilevile.

Chupa ilikuwa sasa karibu na pua ya Emérence, mahali ambapo macho yake hayakuwahi kumdanganya. Kwenye ncha ya chupa kulikuwa na utando wa manjano, mzito kama maziwa yaliyoganda, na ndani yake umenasa ukope mmoja mweupe wa yule mzee. Harufu iliyotoka ndani ilikuwa ya kitunguu kilichooza, na nyuma ya kitunguu, mkojo.

"Hii chupa, unaisafishaka saa gani?" akauliza.

"Dawa yenyewe inajisafisha, mama. Laza mutoto."

Alimvuta Shekinah kwa nguvu mpaka mtoto akajikwaa. Tantine akamshika mkono, akanong'ona kwamba anawatia haya mbele za watu. Emérence akamwonyesha ncha ya chupa. "Angalia, tantine. Ile ni manyoya ya jicho ya ule muzee. Ni uchafu ya jicho yake anataka kutia kwa mutoto."

Tantine akakunja uso, akarudisha kichwa nyuma, akakaza macho. "Mie sioni kitu," akasema.

Wale waliokuwa nyuma yao wakasogea mbele kujaza nafasi. Mama mmoja tayari alikuwa amemlaza mtoto wake mchanga. Emérence alifika kwenye bomba la maji la jirani, akatapika, kisha akamsugua Shekinah uso kwa sabuni mpaka mtoto akalia, ingawa hakuna hata tone lililomgusa. Siku ile hakula. Kila alipoiona mikono ya mtu ikigusa chakula, alikumbuka vile vidole.

Waliporudi Butembo alimpeleka binti yake kwenye hospitali yenye huduma ya macho. Muuguzi, Gamaliel Muyisa, mtu wa maneno machache, alimsimamisha Shekinah mbali na ubao wa herufi. Mtoto alisoma ile kubwa ya juu, akaishia hapo. Gamaliel akamvisha fremu nzito ya chuma, akabadilisha vioo kimoja kimoja, na sauti ya mtoto ikaanza kuteremka ubaoni, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa.

Muuguzi aliuliza nani katika familia anaona hivi. Emérence akasema hakuna. Akaombwa asome yeye. Alitazama ukutani akauliza herufi ziko wapi.

Gamaliel akampima naye, kisha akamweleza. Jicho la mtoto limekua refu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo picha ya mbali inatua kabla ya kufika nyuma ya jicho, inakuwa ukungu. Ya karibu inafika vizuri. Mara nyingi mzazi anampa mtoto. Miwani haiharibu jicho wala hailifanyi kuwa vivu, na hakuna tone la uani linalolirudisha jicho kuwa fupi. Mtoto acheze nje mchana, kwa muda wa saa mbili hivi kila siku, apumzishe macho anaposoma, na apimwe kila mwaka kwa sababu namba ya vioo itapanda anapokua. Na Emérence mwenyewe, kwa namba kubwa aliyo nayo, akiona siku moja mimweko au kama pazia linashuka jichoni, asingoje hata kesho.

"Alikuwa anainama juu ya kitabu," Emérence akasema. "Haikukuwa makusudi?"

"Makusudi ya nini, mama?"

Emérence aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, akauona mchafu kuliko kitambaa cha Ananie.

Nyumbani alimwambia mtoto kwamba alimpiga bure. "Nilizani batu bote banaonaka vile," Shekinah akasema.

Miwani ya wote wawili ilipokuja, watu walimwambia Emérence atafurahi. Akiwa mlangoni pa karakana yake ya kushona aliivaa yake akatazama ng'ambo ya barabara, na kitu cha kwanza alichokiona ni nyama aliyokuwa akiinunua miaka yote, nyeusi kwa nzi, na mwuzaji akiipungia kwa kitambaa alichojifutia pua. Aliivua. Akaivaa tena, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alimwamuru Shekinah avue miwani, akisema anaonekana kama bibi kizee na anachekesha darasa. Emérence alikwenda siku ileile. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto akae mbele na miwani ibaki machoni, akasimama pale mpaka benchi likahamishwa. Muhula ule Shekinah alipata asilimia sitini na moja.

Wakati wa muhula huohuo, mwezi wa kumi, habari zikaja kwamba watoto wa Mulekera wameugua macho, wengine vibaya, na Ananie amehamia mtaa mwingine na koti lake. Tantine Kahongya naye alikuwa amekwenda tena kwa Ananie mara mbili kutiwa matone. Lusenge alimleta Butembo jicho la kushoto likiwa limefungana. Tantine alikaa chumbani kwa Emérence, akionekana mdogo, bila kitambaa kipya, akasema tu, "Mama Shekinah, inauma."

Usaha ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mkunjo wa mdomo. Kinyaa cha siku ile kilimrudia Emérence, na hasira pamoja nacho, wala havikumwondoka. Alichemsha maji, akanawa mikono mara mbili, akaketi karibu naye. Alipangusa, akatupa pamba, akachukua nyingine. Kisha akamshika mkono, wakaanza kupanda kilima kwenda hospitalini kwa Gamaliel.