Fundi Aliyepima Fito za Injini Yangu

Simu iliingia asubuhi, namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamume ikaniambia kwamba yule fundi wa injini aliyehamia Bwera amefariki na kesho yake anazikwa. Nilikata. Wasomaji wangu wa kila juma mnanijua: nilidhani ni matapeli wanaotangaza misiba ya uongo ili tuchange. Nikampigia mwenye duka la spea hapa Nyamwamba, mjini Kasese, naye akathibitisha kwamba fundi aliugua tumbo ghafla, akapelekwa hospitali, asirudi. Hapo niliona haya. Hata kifo chake nilitaka kiletewe ushahidi kwanza, na ndivyo nilivyomtendea alipokuwa hai.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na gari kuukuu la petroli, silinda nane, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha wagonjwa kutoka kijiji cha wakwe zangu mlimani. Injini iliunguza vali, nikaipeleka kwenye gereji moja kubwa huko Kampala, mafundi wa ovaroli safi, karatasi zenye mihuri. Ikaunguza tena, nikairudisha kwao. Mara ya tatu ilikufa njiani, kati ya Hima na Kasese, nyuma nikiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulisimamisha lori la simenti, tukampandisha, na mtoto akazaliwa humo kabla ya kufika mjini. Mama na mtoto walipona, lakini mimi niliapa sitabeba mgonjwa tena mpaka nijue gari lile lina nini. Ndipo nikaelekezwa kwa fundi huyu, mtu wa kabila la Wakonzo, asiye na kibao wala ovaroli, aliyejifunza kazi upande wa Kongo na kuzungumza Kiswahili cha huko.

Alipofungua injini hakuzitazama sana vali zilizoungua. Alitoa rula ya chuma, akapima hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye vali, akapima tena, kisha akakunja uso kama mtu aliyesikia uongo. "Mwalimu, hii hedi walikata," aliniambia. "Walikata mara mbili. Iko mufupi." Nikamjibu kwamba Kampala hawakuniambia kitu. "Kukata si mubaya, wanasawazisha tu. Lakini hedi imeshuka, na hizi fito ziko murefu ile ile. Sasa zitaenda wapi?" Akanieleza taratibu, na mimi mwalimu nikawa mwanafunzi. Katika injini ya aina ile kamshafti, mhimili wenye nundu, hukaa chini na kusukuma tapeti, tapeti husukuma ufito mwembamba wa chuma, ambao mafundi huuita pushirodi, na ufito ndio unaoinua roka, kimkono kinachoisukuma vali ifunguke. Tapeti zile hujaa oili, na ndani yake mna pistoni ndogo iliyokaa juu ya springi. Vali ikiwa imefungwa, ufito unatakiwa uikandamize pistoni ile kidogo tu. Usipoigusa, injini itagonga. Ukiikandamiza mpaka chini, vali haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, na inaungua. Roka za injini yangu hazikuwa na nati ya kurekebishia, kwa hiyo urefu wa ufito ndio uliokuwa kila kitu.

Muuza spea alimletea fito alizosema ni mpya na ndizo hasa. Fundi alizipima, akamrudishia. "Wewe unasema mupya. Mimi sijui mupya, mimi najua kipimo." Aliushuku kila mhuri na kila neno la duka. Alikata ufito mmoja mbovu katikati, akauunga kwa skrubu ili uweze kurefuka na kufupika, akautumia kama kipimo. Alizungusha injini kwa mkono mpaka vali ikafunga kabisa, akaurefusha ufito ule hadi ukagusa bila kucheza, akaongeza mkandamizo mdogo anaoutaka, akaandika. Alifanya hivyo kwa vali zote kumi na sita, moja moja. Kisha akasema atazipeleka fito zangu Bwera, kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, zikafupishwe. Nilikubali kwa mdomo tu.

Siku ya tatu jirani yangu alinisimamisha sokoni. "Fundi wako nimemwona anashuka Bwera na mfuko wa vyuma. Si unajua mpaka wa Kongo uko pale pale?" Nilipiga simu ya fundi, imezimwa. Nani hapa hajasikia habari za gari lililoachwa gereji na kabureta nzuri likarudi na kabureta ya jalalani? Nilikwenda kituo cha polisi, nikamkuta askari niliyemfundisha darasa la saba, tukaondoka naye hadi Bwera.

Tulimkuta kwenye baraza ya mwenye mashine, mchana kweupe, siku ya soko. "Wewe! Simama! Fungua mufuko, haraka!" askari akafoka. Watu wakajaa. Fundi hakubishana. Alitandaza kitambaa, akatoa fito zangu, kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye namba. Nikaona nne ni fupi kuliko nyingine, nikapaza sauti, "Afande, hizi si zangu! Amebadilisha!" Fundi alichukua mmoja wa zile fupi, akauweka kando ya kile kipimo chake. Zikalingana. "Ni zako, Mwalimu. Hizi zimeshakatwa. Zingine bado. Hesabu." Nikahesabu, nikahesabu tena. Kumi na sita. Askari akacheka, akaniambia, "Twende, Mwalimu, hapa hakuna kesi." Sikusema samahani. Niliwaza kwamba huenda kuna jambo jingine analificha, maana mtu aliyeonewa hutulia vipi hivyo?

Alirudi Kasese, akaifunga injini, ikawaka kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia. Gari lile lilinifikisha Kabatoro kule bondeni na mlimani mara nyingi, likabeba wagonjwa mpaka nilipoliuza, na halikuunguza vali tena. Lakini watu wa soko la Bwera waliona askari na mfuko. Waliosikia hesabu walikuwa wachache. Habari ilipofika hapa mjini ilikuwa kwamba fundi kakamatwa na spea za mwalimu akivuka mpaka. Wawili waliokuwa wamemwachia magari wakaja kuyachukua hayajakamilika. Baada ya muda akahamia Bwera moja kwa moja. Mimi, ninayeandika kila juma kuhusu uaminifu wa watu wengine, niliulizwa mara kadhaa kama ni kweli, nikajibu, "Mambo yaliisha." Jibu hilo lilimwacha aonekane mwizi.

Nilikwenda kuzika. Mjane wake aliposikia natoka Kasese alisogea karibu, nami nikajiandaa kufukuzwa. "Ni wewe Mwalimu mwenye gari ya silinda nane?" Nikakubali. "Alikuwa anauliza watu kama gari yako inagonga. Wakamwambia hapana. Akafurahi." Nilimchunguza usoni nikitafuta kinyongo, sikukiona, na hata sasa sijui kama hakikuwapo au sikustahili kuonyeshwa. Niliomba nafasi ya kusema mbele ya waombolezaji, nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Kuna walioinamisha vichwa. Mmoja alisema kwa sauti, "Ulichelewa."

Alisema kweli. Sitawaambia muache kushuku; katika nchi hii anayeamini kila kitu ataunguza vali mara tatu, kama mimi. Lakini marehemu alishuku chuma, akapima, kisha akasema. Mimi nilimshuku mtu, nikasema, kisha nikapima, na nilipoona kipimo kimenikataa nikanyamaza. Ukimtuhumu mwenzako sokoni, na ukagundua umekosea, rudi ukaliseme kosa lako pale pale sokoni, wakati yeye bado yupo wa kusikia.