Kurasa za Kufungia Chumvi

Duka langu la Kilimatinde nililijenga kwa mikono yangu, wala hakuna aliyeniuliza cheti. Ilipokuja ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara, sukari na sabuni zikarudi madukani, nami nikawa mtu wa kusalimiwa. Karatasi za kufungia nilinunua kwa uzito mjini Singida: magazeti, madaftari, vitabu. Nilivitundika msumarini nikachana kuanzia nyuma. Kwangu nyuma na mbele vilikuwa kitu kimoja.

Siku moja aliingia mwalimu wa kwaya, yule mpiga kinanda wa kanisani. Ujanani nilimposa, baba yake akanikataa kwa kuwa niliishia darasa la tatu. Akaolewa mbali, akarudi mjane. Mimi nina mke na watoto. Alikiona kitabu msumarini, akakishusha.

"Hii ni riwaya ya Kiingereza," akasema. "Mpiga piano na mpiga fidla wa Ulaya. Walipendana, wakapotezana."

"Chukua, mwalimu. Karatasi ninazo."

Baada ya siku chache alirudi, macho yamevimba.

"Mwisho wake uko wapi?"

"Umekwenda na chumvi."

"Na wewe hukuusoma?"

Dukani palikuwa na watu. Nikasema, "Nitafungiaje chumvi kwa kitu nisichokisoma? Nilikimaliza."

"Basi niambie. Yule mwanamume alirudi?"

"Alirudi. Wakaoana."

Alicheka kama msichana. Jumapili ile alipiga kinanda hadi wazee wakageuka kumtazama, nami nikakaa mbele nimetanua kifua, kana kwamba riwaya niliitunga mimi.

Haukupita muda akaja na karatasi iliyonyooshwa, ina madoa ya chumvi. Aliikuta kwa jirani yake.

"Ukurasa wa mwisho huu. Hebu nisomee."

"Miwani nimeiacha nyumbani."

"Hujawahi kuvaa miwani, bwana." Akasoma mwenyewe, kwa Kiswahili, taratibu. Mwanamume alirudi kweli. Akasimama nje ya nyumba, akasikia piano ikipigwa, akaondoka bila kubisha hodi.

Mteja mmoja akasema, "Mjinga huyo."

Baada ya kukataliwa nilikuwa nikisimama nje ya kanisa wakati wa mazoezi ya kwaya, nimeegemea ukuta, nasikiliza kinanda chake, kisha naondoka. Sikumwambia mtu. Namna alivyonitazama pale dukani, nadhani enzi zile alikuwa akiniona.

"Ungesema tu hujui," akaniambia. "Ningekusomea chote."

Kisha akaomba sukari. Nilipima, nikanyoosha mkono msumarini kuchukua karatasi. Akanizuia, akatoa bakuli kwenye kikapu.

"Weka humu. Usichane tena."

Tangu siku ile, kila alipokuja dukani alikuja na bakuli lake. Wateja walidhani ni usafi wa kimisheni. Mimi nilikuwa namimina sukari huku nimeinamisha macho kwenye mizani.