Paka Wanne Niliowatoa Nyumbani

Paka wangu wa kwanza wa mbegu safi nilipewa na mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kitale. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, na kwa miaka mingi bitana na zipu zangu zote zilitoka kwake. Juu ya kaunta yake alilala paka jike mweupe wa Kiajemi, manyoya marefu, uso bapa kama aliyegonga mlango. Nilikuwa nikienda kununua uzi nasimama pale nusu saa nikimkuna shingo. Siku moja yule mama akaniambia, "Wewe unapenda yeye kuliko watoto yangu. Akizaa, moja yako."

Hakunipa hivi hivi. Kwanza alikuja kwangu akakagua paka atalala wapi, akauliza nani atamchana manyoya kila siku, akamtazama mume wangu kwa muda mrefu. Ndipo akanifundisha. Nyumbani kwao hawakula nyama wala samaki, lakini omena wa paka walichemshwa nje, kwenye jiko la peke yake, na aliwasimamia mwenyewe huku ameziba pua kwa ncha ya sari.

"Paka si kuku," aliniambia. "Mwaka moja, zaa mara moja. Halafu pumzika. Mtoto haitoki kwa mama mpaka miezi tatu. Na mtu akikataa wewe kuona nyumba yake, hapana pea yeye."

Nilishika hayo yote. Paka wangu alipokomaa nilimpeleka kwa dume la mama huyo, lililotoka Nairobi na halikuwa na undugu naye. Alizaa mchana, ndani ya boksi la vipande vya kitambaa chini ya cherehani yangu. Watatu. Nilikaa sakafuni nikawatazama wakitafuta maziwa macho yakiwa yamefumba, na sare za shule zilizongoja vifungo zikaendelea kungoja. Uzao wa pili alileta wawili. Jike mmoja nikabaki naye. Wanne waliobaki nikawachanja, nikawalea hadi miezi mitatu, nikakagua nyumba zao kama nilivyokaguliwa. Mmoja alikwenda kwa mwalimu wa Ndalu, mmoja kwa muuguzi wa hapa Kitale, mmoja kwa mzee wa Kabuchai aliyefiwa na mkewe. Dume pekee alikwenda kwa msichana mwenye duka la vipodozi Bungoma mjini. Niliporudi nyumbani baada ya kumkabidhi wa mwisho, nilijisifu moyoni. Nilijiona mtu anayefanya jambo sawasawa.

Paka wangu alipofika mwaka wa tano akaanza kunywa maji. Bakuli nililojaza asubuhi lilikuwa kavu kabla ya chai ya saa nne. Kisha akaanza kukonda, uti wa mgongo ukawa unashikika chini ya manyoya.

Daktari wa mifugo tunayemtumia ni mtu wa ng'ombe. Alikuja na mashini yake ndogo ya kupimia mimba za ng'ombe, akamnyoa paka ubavuni, akampaka mafuta, akatazama kioo. Halafu akanigeuzia nione.

"Unaona haya matundu meusi? Hapa panafaa kuwa nyama ya figo. Haya yote ni maji."

"Kuna dawa?"

"Hakuna, mama. Huu ugonjwa ni wa ukoo, amezaliwa nao. Hauambukizi. Lakini mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ni kama kurusha shilingi." Akafuta mashini. "Ako na watoto wangapi huko nje?"

Nilimletea binti wa paka, yule niliyebaki naye. Akampima. Matundu yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo, figo zote mbili. Wiki hiyo hiyo nikamfunga kizazi.

Nilikwenda dukani. Yule paka mweupe wa kaunta alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na tulimlilia pamoja tukisema ni uzee. Nilimweleza mama alichosema daktari. Alikuwa anampimia mteja kitambaa, akaendelea kupima hadi mwisho, akakata, akakunja, akapokea pesa. Mteja alipotoka akakaa.

"Mama yake pia alikunywa maji sana," alisema. "Na mama ya mama yake. Mimi nilifikiri paka ya namna hii iko hivyo."

"Walikufa na miaka mingapi?"

"Sita. Saba."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Alinitazama akasema, kama mtu anayeuliza, "Mimi nilifundisha wewe vizuri."

"Ulinifundisha vizuri, mama."

Na ilikuwa kweli. Tulichunga kila kitu kinachoonekana kwa macho, na ugonjwa ukapita katikati yetu.

Nikaanza kuwatafuta wale wanne. Simu ya muuguzi haikupatikana, na jirani zake wakaniambia alipata uhamisho, hawajui wapi. Mwalimu wa Ndalu alimleta paka wake siku ya pili, amemfunga ndani ya kikapu. Figo zake zilikuwa safi. Mwalimu alilia, nami nikalia naye. Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyoipata.

Kabuchai nilikwenda mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi nje, paka mapajani, miwa ya jirani imekaribia ua.

"Karibu, mama. Umekuja kuona mjukuu wako?"

Nilimweleza yote. Nilipomaliza akauliza, "Sasa hiyo mashini ikisema iko mgonjwa, daktari atafanya nini?"

"Hakuna dawa, baba. Ni kumbadilishia chakula tu, na kumwangalia."

"Na ikisema iko mzima?"

"Moyo wako utatulia."

"Si moyo yangu imeturia saa hii? Angaria. Imeturia." Akamshika paka masikio taratibu. "Tangu mama wa hapa aende, ni huyu nasikia akitembea kwa nyumba. Kama hakuna dawa, usiniretee hiyo habari."

Alinisindikiza hadi barabarani. Paka alitufuata, akasimama chini ya tangi la maji palipokuwa na sufuria kuukuu, akainama akaanza kunywa. Alikunywa sana. Mzee aliniona nikimtazama. Akageuza uso upande wa miwa, akaanza kuniuliza kama kwetu mvua imeanza.

Bungoma msichana alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Dume alikuwa amelala kwenye rafu kati ya chupa za losheni, amenenepa, mzuri kuliko wote niliowahi kuwazalisha. Msichana alikuwa ameahidi kumhasi akifika mwaka. Hakumhasi. Alinionyesha kwenye simu picha za watoto wa dume huyo, wa nyumba hii na nyumba ile, nyuso bapa zimejipanga.

Nilipomwambia, alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Auntie, si unamwona ako poa? Ati nimhasi na vile watu wananipigia?"

"Mpime tu. Nitamleta daktari mwenyewe."

"Halafu akisema mgonjwa, nani atachukua watoto wake tena?" Akaiweka simu kifudifudi. "Wewe ulizalisha wako, sasa unataka mimi nifunge wangu."

"Wa kwangu nimefunga."

"Baada ya kuzaa mara mbili, auntie."

Nilikunywa soda iliyobaki kwa sababu ya adabu. Nimempigia mara kadhaa tangu siku ile. Siku hizi hapokei.

Paka wangu aliacha kula mwanzoni mwa mvua ndefu. Tulimpa maji kwa bomba la sindano siku nne, kisha nikamwita daktari aje na sindano ya mwisho. Ilikuwa asubuhi. Nilitoa nguo zote juu ya meza ya kukatia, nikatandika taulo. Mume wangu, ambaye hakuwahi kukiri kwamba anampenda, ndiye aliyemshika kichwa, na ndiye aliyechimba kaburi nyuma ya choo cha nje. Binti wa paka bado yuko. Ameanza kulitafuta bakuli la maji.

Watu bado wanaulizia watoto wa paka. Nawaambia sizalishi tena, na kwamba kokote watakakokwenda, waombe figo za wazazi zipimwe kwanza. Wanasema asante, unasikia kabisa hawakusikia.

Juzi mteja wangu mmoja alikuja kupimwa gauni. Nikiwa nimeshika futi kiunoni mwake akatoa simu anionyeshe mtoto wa paka aliyemchukua Bungoma. Mweupe, uso bapa.

"Si ni mrembo?"

"Ni mrembo," nikasema. Kisha nikamweleza habari za figo, polepole, nikichagua maneno. Alizima kioo cha simu, akairudisha kwenye mkoba, akauliza gauni litakuwa tayari lini.

Nikamwambia Ijumaa.