Mtoto wa Gauni la Njano

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na jicho kali. Mteja akiingia tu, amekwisha kumkadiria kiuno kabla hajashika futi. Lakini kimo cha bintiye mwenyewe kilimpita hivihivi.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu, fundi alirudi kazini, akamwacha na mama mkwe. Alasiri anarudi matiti yamejaa, yanauma, anayakamua kwenye beseni na kumwaga. Alikuwa ameambiwa kwamba maziwa yakikaa kifuani kutwa nzima yanachacha. Mtoto akalelewa kwa uji mwepesi, na baada ya muda maziwa yenyewe yakakauka.

Siku ya kutimiza mwaka, alimshonea gauni la njano. Miezi minane baadaye, gauni bado lilimtosha.

"Mshono wangu hauchakai, na gauni bado linamtosha!" alijisifu kwa muuguzi aliyeleta sare ipunguzwe.

Muuguzi hakucheka. Alimsimamisha mtoto aliyekuwa akicheza kando ya cherehani, akamtazama. "Gauni linamtosha kwa sababu harefuki, dada. Mlete kesho tumpime."

Kweli, vipimo vilionyesha amedumaa. Fundi aliposimulia habari za beseni, muuguzi alimshika mkono. "Maziwa hayachachi ndani ya titi."

"Kumbe nimemwaga chakula cha mwanangu kwa mikono yangu!" Fundi akaangua kilio.

"Hukujua. Sasa tuanze na sahani yake." Akamweleza: uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, yai, maharage, mboga, matunda, na mtu akae naye mpaka ale.

Nyumbani, mama mkwe alisikiliza, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia yanachacha, maana na mimi niliambiwa hivyo. Nisamehe, mwanangu." Tangu hapo, kumlisha mjukuu ikawa kazi yake, na hakumwachia mtu.

Msichana akaanza kurefuka. Hajawafikia wenzake kwa kimo, lakini kwa mbio hawamwoni.

Alipozaliwa mdogo wake, huyo alinyonya maziwa ya mama tu miezi sita. Asubuhi fundi alikamua kwenye kikombe safi chenye kifuniko, bibi amnyweshe mtoto, mchana akakimbia nyumbani kunyonyesha. Jirani alipoleta maji ya kijiko, eti mtoto alowanishe koo, mama mkwe alimjibu, "Kunywa wewe, shoga, naona jua limekupiga."

Fundi akimtaja muuguzi yule, husema, "Mungu amzidishie. Angeweza kunyamaza akaenda zake."